Risasi Isiyolia

Kila askari aliyepita katika mafunzo anajua kwamba kazi ya uwanja wa shabaha haiishi pale risasi ya mwisho inapolia. Filimbi ikishapulizwa na silaha zikishakaguliwa, sote huinama, mkubwa kwa mdogo, tukaokota maganda mchangani moja moja. Maganda huhesabiwa na kulinganishwa na risasi zilizotolewa ghalani, na likipungua moja hakuna apandaye lori kurudi kambini. Tulipokuwa katika shule ya makadeti tulipata kutafuta ganda moja tangu alasiri hata jua likatua, na mwalimu wetu hakuchoka kutuambia kwamba askari asiyejua lilipo ganda lake hajui ilipo risasi yake.

Twaikumbuka adabu hiyo leo kwa sababu iko risasi nyingine tunayopewa kila mwaka, kambini na nyumbani, ambayo hakuna anayeihesabu wala kuiulizia. Lugha yetu imetupa neno moja kwa vitu viwili: risasi ya bunduki, na yale madini mazito na laini ambayo huyeyuka upesi motoni. Madini hayo yamo ndani ya betri ya lori, na zaidi ya nusu ya uzito wa betri hiyo ni risasi tupu. Yamo katika kioo cha televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mrefu, ambayo moja tu yaweza kuwa na kilo nzima au zaidi. Yamo katika maungio ya redio na kompyuta nyingi za zamani. Chombo kikiwa kizima, risasi hiyo imelala na haimdhuru mtu. Chombo kikifa, kikavunjwa kwa nyundo au kutiwa moto, risasi huamka. Nayo hailii, wala haina moshi unaoutambulisha.

Takataka za namna hii, yaani simu, redio, kompyuta, tochi, betri, majokofu na kila chombo kinachotumia umeme kikaharibika, zimekuwa mzigo wa dunia nzima. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika mwaka 2022 peke yake dunia ilizalisha tani milioni 62. Ripoti hiyo iliueleza mzigo huo kwa hesabu ambayo dereva yeyote wa jeshi ataielewa: ungejaza malori 1,550,000 yenye kubeba tani 40 kila moja, na malori hayo yakipangwa pua kwa mkia yangeizunguka dunia katika mstari wa Ikweta, mstari ule ule tunaouvuka pale Kayabwe tukienda Masaka. Katika mzigo huo wote, ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kutengenezwa upya kwa njia iliyo salama. Hapa Afrika sehemu hiyo haikufika hata asilimia moja.

Wako watakaosema kwamba Mwafrika hana vyombo vingi, basi mzigo huo ni wa Wazungu. Ni kweli kwamba mtu mmoja wa Ulaya hutupa kilo 17.6 kwa mwaka, na mtu wa Afrika kilo 2.5. Lakini huko Ulaya karibu kilo 43 katika kila 100 hukusanywa kwa utaratibu, na zetu sisi zinakwenda shimoni, mtoni na jikoni. Adui mdogo aliyekwisha kuingia ndani ya boma ana hatari kuliko jeshi kubwa lililo ng'ambo ya mto.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa takataka zisizotengwa. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa takataka wa Kiteezi, kaskazini mwa Kampala, uliporomoka na kufukia nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Ndugu zetu wa polisi walikuwa miongoni mwa waliokwenda kutafuta miili chini ya uchafu ule. Mlima huo ulijengwa kidogo kidogo tangu mwaka 1996, na kila mmoja wetu aliyeishi Kampala alitia humo fungu lake: ganda la ndizi, chupa, kiatu, na pengine simu iliyokufa. Waliokuwa wakiishi kando yake na kuokota humo riziki yao ndio waliolipa.

Sasa tuseme wazi madhara yenyewe, kwa maana askari hapigani vizuri na adui asiyemjua. Risasi ikiingia mwilini kwa vumbi, kwa pumzi au kwa chakula, huharibu ubongo, damu na figo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo aliyemeza vumbi lenye risasi huinyonya mwilini mara nne hata tano kuliko mtu mzima, na akili iliyodumazwa nayo hairudi tena. Zebaki, iliyomo katika taa za mirija, hushambulia mishipa ya fahamu. Kadimi, iliyomo katika betri nyingi za zamani za redio za mawasiliano, huharibu figo na kudhoofisha mifupa. Nyaya zilizofunikwa kwa plastiki zikichomwa ili shaba ipatikane, moshi wake hubeba sumu zinazoweza kuleta saratani. Na betri za siku hizi za lithiamu, zilizomo katika simu na kompyuta, zikitobolewa au kugongana ncha kwa ncha huwaka moto ambao maji kidogo hayauzimi.

Sisi tunaoandika haya hatukujifunza mambo hayo vitabuni kwanza. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa maafisa wapya, tulipewa kusimamia ghala dogo la mawasiliano katika kambi moja ya mbali. Tulikuta humo masanduku matano ya betri za redio zilizokufa, ambazo zilikwisha kuidhinishwa kuondolewa. Mkaguzi alikuwa akija wiki ile, nasi hatukutaka aone ghala lenye uchafu. Tukaamuru zipelekwe katika shimo la nyuma ya jiko zikachomwe pamoja na takataka nyingine. Sajini mmoja wa makamo, aliyekuwa fundi wa redio tangu sisi tukiwa shule ya msingi, alitujia akasimama mkao wa heshima, akasema, "Afande, hizi hazichomwi." Tulimjibu kwamba amri imekwisha kutolewa.

Betri zikapasuka. Askari kijana aliyekuwa akichochea moto aliungua mkono na shavu. Moshi mweusi ukatanda juu ya laini za askari hata magharibi, na akina mama wakawaita watoto wao ndani na kufunga madirisha. Katika daftari tuliandika neno moja: zimeteketezwa. Mkaguzi alikuja, akaliona ghala, akalisifu. Kijana yule ana kovu hadi leo, na tukikutana naye hutupigia saluti kama kwamba hatukumkosea kitu. Sajini alistaafu bila sisi kumwomba radhi. Tunayaandika haya si kwa kujitukuza kwa toba, bali kwa sababu tunajua kwamba hata mwezi huu, katika kambi fulani au kituo fulani, ofisa fulani anataka ghala lake liwe safi kabla mkaguzi hajafika.

Kosa letu lilikuwa la haraka. Lakini liko kosa la pili, la kukawia, nalo limeenea zaidi. Ingia katika ghala lolote la serikali utazame pembe ya mwisho. Utaona kompyuta zilizokufa, mashine za kuchapia, kamera, redio, simu za mezani na betri za magari zilizovimba. Kila kimoja kina nambari yake katika daftari, na mtunza ghala anaogopa kukigusa, maana kikipotea atakilipa. Kamati ya kukagua mali mbovu haijakaa. Ikikaa, mjumbe mmoja yuko safarini. Tindikali inavuja sakafuni, panya wanatafuna nyaya, na askari analala zamu yake chumba cha pili.

Ndugu zetu wa polisi wana mzigo wao wa namna hiyo, nao ni vielelezo. Simu iliyoibwa, televisheni iliyokamatwa, betri iliyong'olewa katika mnara wa simu, vyote huwekwa stoo kungoja kesi. Kesi huisha, mshitakiwa akatumikia kifungo akatoka, mwenye mali hakuonekana, na kielelezo bado kipo. Hakiwezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, na hakuna anayekwenda kuiomba amri hiyo kwa ajili ya chombo kisicho na thamani. Hivyo stoo hujaa, na siku moja lithiamu huwaka.

Je, hakuna mahali pa kuvipeleka? Papo. Serikali ya Uganda ilikuwa na sera ya takataka za elektroniki tangu mwaka 2012, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 pamoja na kanuni zake za 2020 zinakataza kutupa ovyo takataka zenye madhara. Juni 2021 kikazinduliwa Kampala kituo cha taifa cha kukusanya takataka hizo, na katika kazi hiyo kimo kiwanda cha Luwero Industries cha Nakasongola, kilicho chini ya NEC, shirika la uchumi la jeshi letu wenyewe. Jirani zetu nao hawakulala. Rwanda ina kiwanda cha kuvunjavunja vyombo hivyo wilayani Bugesera, na Nairobi kuna kituo cha namna hiyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Kazi ifanywayo mahali kama hapo si ya miujiza. Mafundi wenye glavu na vinyago hukifungua chombo kwa bisibisi badala ya nyundo. Plastiki huwekwa kwake, chuma kwake, shaba kwake, na betri hutengwa kwanza kabla ya yote. Vibao vya ndani, vyenye dhahabu na fedha kidogo kidogo, hupelekwa nchi za nje kwenye tanuri kubwa zenye kuchuja moshi. Wajapani walipoandaa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 2020, walikusanya kwa wananchi simu milioni 6.21 pamoja na vyombo vingine vidogo, wakapata humo kilo 32 za dhahabu na kilo 3,500 za fedha, na medali zote zipatazo 5,000 zikatengenezwa kwa madini hayo. Yule mwanariadha wetu Joshua Cheptegei aliyeshinda mbio za mita 5,000 alivaa shingoni dhahabu iliyotoka katika simu kuukuu za watu.

Lakini kazi hiyo hiyo ikifanywa mahali pabaya huua. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, ukuta kwa ukuta na nyumba za wananchi. Wafanyakazi na watoto wakalewa risasi. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo na ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, alisimama kupinga mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi hiyo iliendelea katika mahakama za juu kwa miaka, na wengine walikufa wakingoja. Basi yule anayekuja langoni na baiskeli akinunua betri kwa kilo, akaimwaga tindikali mtaroni na kuiyeyusha risasi uani kwake, anafanya kazi ile ile ya Owino Uhuru kwa kipimo kidogo.

Ugumu wetu, basi, ni umbali. Kituo kiko Kampala. Askari yuko Moroto, Kisoro au Arua. Hatawezi kupanda basi mchana kutwa akiwa na betri tatu za tochi mkononi, wala mke wake hatakwenda na redio iliyokufa kichwani. Sheria isiyofikika ni kama kisima chenye kamba fupi. Kwa sababu hiyo twapendekeza mambo matano, ambayo hayahitaji fedha nyingi ila yanahitaji amri na mazoea.

La kwanza, kila kambi na kila kituo cha polisi kiwe na sanduku moja lenye kifuniko, mahali pakavu penye kivuli, mbali na jiko na ghala la silaha, na pawe na mtu mmoja anayelijibia. Betri zisirundikwe ovyo. Ncha zake zifunikwe kwa utepe, na iliyovimba itengwe ndani ya mchanga mkavu. Sanduku hilo liwe wazi kwa familia zetu na kwa wananchi wa vijiji vya jirani. Raia atakayekuja langoni na televisheni yake mbovu akapokewa vizuri atakuja siku nyingine na habari yenye faida kwa ulinzi.

La pili, betri mpya isitolewe ghalani ila kwa betri kuukuu. Hiyo ndiyo kanuni ya ganda la risasi, na hakuna askari atakayesema haielewi.

La tatu, malori. Kila mwezi malori hupeleka chakula na vifaa mikoani, nayo mara nyingi hurudi matupu. Yarudi na masanduku. Dereva atiwe sahihi akiondoka na akifika, na mafuta ya serikali hayataongezeka hata lita moja.

La nne, kamati za mali mbovu ziwe na tarehe maalumu mara mbili kwa mwaka, na mkuu wa kikosi aulizwe asipoiita. Kwa upande wa polisi, ofisa wa vielelezo apeleke mahakamani orodha moja ya vyombo vya kesi zilizokwisha, aombe amri moja kwa vyote, badala ya kungoja kimoja kimoja. Kabla kompyuta au simu yoyote ya kazi haijatoka, sehemu yake inayohifadhi habari ing'olewe na kuharibiwa mbele ya ofisa, na sahihi itiwe. Siri ya jeshi isiuzwe kwa kilo.

La tano ndilo gumu, nalo ni fedha. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa papo hapo, na sanduku halilipi kitu. Tusijidanganye: mama wa nyumbani mwenye watoto watano akipewa shilingi elfu chache kwa betri ataiuza, nasi hatuna haki ya kumlaumu. Kwa hiyo betri za magari, ambazo zina bei hata kiwandani, ziuzwe kwa pamoja kwa kiwanda chenye kibali, na fedha zirudi katika mfuko wa ustawi wa kambi ile ile iliyozikusanya. Kambi itakayojenga darasa la watoto au kununua dawa kwa betri zake haitahitaji hotuba.

Tunajua liko jibu litakalotolewa na baadhi ya wenzetu: kazi ya askari ni kulinda mipaka, si kuokota takataka. Twawajibu kwa heshima. Mpaka tunaoulinda una watu ndani yake, na walio karibu nasi kuliko wote ni wake zetu na watoto wetu katika zile laini, wanaocheza juu ya udongo ambao sisi tumeumwagia tindikali. Askari aliyewazuia maadui kuuvuka mto, kisha akarudi nyumbani akakuta mwanawe ana risasi katika damu, alikuwa analinda nini?

Hatungoji amri zote zitoke Makao Makuu ndipo tuanze. Jumamosi ijayo, baada ya usafi wa kambi, kila mmoja na afungue sanduku lake la chuma na kabati la nyumbani kwake, atoe simu iliyokufa, tochi isiyowaka na betri zilizovuja, azitie mahali pamoja pakavu na kuandika idadi yake. Asichome wala asivunje. Na fundi wa redio akisimama mbele ya ofisa wake na kusema, "Afande, hizi hazichomwi," ofisa huyo na amsikilize.